Zile Picha za Kafyu Usizifute

Shika simu yako. Ingia kwenye picha, skroli hadi Aprili 2020. Kama bado una simu ile ile, au kama picha zako zilihama nawe ukanunua nyingine, utakutana na vitu vya ajabu. Sufuria ya uji. Kaka yako amelala saa nane mchana mdomo wazi. Barakoa tatu zimeanikwa kwenye kamba kama soksi. Mathe anamnyoa mtoto aliyekalia ndoo iliyopinduliwa. Dirisha. Dirisha tena. Paka wa jirani kwenye dirisha.

Wakati ule tuliona ni upuzi wa watu waliokosa kazi. Na simu ikianza kulia kwamba nafasi imeisha, hizo ndizo za kwanza kufutwa. Nani anahitaji picha kumi na mbili za chapati?

Wewe unazihitaji. Na sio kwa sababu ya kukumbuka zamani na kusikia vizuri. Nimekuwa nikisoma kuhusu picha zilizopigwa wakati wa magonjwa makubwa, na kuna jambo moja linajirudia hadi linaudhi: ugonjwa ukipita, picha za hospitali zinabaki, za askari zinabaki, za wakubwa zinabaki. Zile za ndani ya nyumba ya mtu wa kawaida ndizo hazionekani. Na zikionekana, mara nyingi hazikupigwa na mwenye nyumba.

Sina digrii ya historia. Chuo niliacha, hiyo stori mnaijua. Lakini hii haihitaji digrii, inahitaji tu ufuate kamera na uulize swali moja: nani alikuwa ameishika, na alikuwa amesimama upande gani wa mlango?

Kamera ilianzia dirishani

Picha ya kamera ya zamani zaidi ambayo bado ipo duniani ilipigwa na Mfaransa anayeitwa Nicéphore Niépce, mwaka wa 1826 au 1827, katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Alipiga nini? Sio mfalme. Sio vita. Aliweka kamera kwenye dirisha la juu nyumbani kwake, akapiga paa na kuta za majengo yake mwenyewe. Alitumia bamba la madini lililopakwa aina ya lami, na mwanga ulilazimika kuingia kwa saa nyingi ndio picha ishike. Ukiiangalia leo inaonekana kama ukungu. Jua linaangaza kuta za pande zote mbili, kwa sababu lilikuwa linatembea angani picha ikiendelea kupigwa. Bamba hilo sasa linahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin.

Miaka michache baadaye, Agosti 1835, Mwingereza William Henry Fox Talbot akatengeneza negativu ya kamera ambayo ndiyo ya zamani zaidi iliyobaki. Ni picha ya nini? Dirisha. La nyumbani kwake, Lacock.

Kwa hivyo ulipopiga dirisha lenu 2020 ukaandika "siku ya kumi na nne", hukuwa unafanya kitu cha kijinga. Ulikuwa umefanya kile kitu cha kwanza kabisa ambacho kamera ilifanya.

Kuna mwingine, Josef Sudek, wa Prague. Huyu alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia na bado akawa mpiga picha. Wajerumani walipoukalia mji wake, kuzurura barabarani na kamera kubwa kulikuwa kujitafutia balaa. Kuanzia 1940 akageukia dirisha la studio yake, akalipiga tena na tena: likiwa na umande, likiwa na barafu, na glasi ya maji mbele yake, na mti uliopinda pale nje. Aliendelea hadi 1954. Miaka 14, dirisha moja. Sisi tulikaa ndani miezi kadhaa na tulikuwa tunalia.

Nataka ushike hiyo kwanza. Kupiga picha nyumbani kwa sababu huwezi kutoka sio mambo ya corona. Ni tabia ya zamani kama kamera yenyewe. Kilichobadilika ni nani anaweza kuifanya.

Wageni wenye kamera

Sasa tuingize ugonjwa.

Tauni iliingia Bombay, India, mwaka wa 1896. Serikali ya Waingereza ikaunda kamati za tauni. Makundi ya maafisa na askari yakawa yanaingia nyumba kwa nyumba: kutafuta wagonjwa, kutoa vyombo nje, kupaka chokaa, kuwapeleka watu kambini. Na kulikuwa na wapiga picha wa kuonyesha kazi hiyo inavyofanywa vizuri. Albamu zake zipo hadi leo. Ukizitazama unaona nyumba za watu, lakini ni nyumba zinazopekuliwa. Maafisa wamesimama wima. Wenye nyumba wako pembeni, au hawapo kabisa. Hakuna mtu aliyepiga picha ya jinsi watoto walivyolala usiku huo baada ya godoro kuchukuliwa.

Hiyo tabia ilifika hadi kwetu. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Miaka mitatu tu baadaye, 1902, tauni ikazuka kwenye bazaa ya Wahindi, na jibu la wakoloni lilikuwa kuichoma moto. Watu walikuwa wanaishi mle, sio kuuza tu. Walikuwa na majiko, mikeka, picha za miungu yao ukutani. Sisi tunaijua ile bazaa kupitia ripoti za waliotoa amri, lakini harufu ya jikoni haimo kwenye ripoti.

Halafu 1918, homa kubwa ya mafua. Hapa kwetu ilishuka kwa meli Mombasa na kufuata reli na njia za waliokuwa wanarudi kutoka vitani, wakiwemo wapagazi wa ile Carrier Corps iliyotuachia jina la Kariakor. Iliua watu wengi mno. Lakini jaribu kufikiria picha ya 1918 sasa hivi. Nadhani utaona ukumbi mkubwa Marekani wenye safu za vitanda, kama Camp Funston kule Kansas. Au polisi wa Seattle wamevaa barakoa. Sio vibanda vya Kariakor. Sio nyumba ya udongo Nyanza ambayo watu watatu wamelala ndani na wa nne ndiye anayechota maji.

Hata Marekani, ambako kampuni ya Kodak ilikuwa inauza kamera ya Brownie kwa dola moja tangu 1900, picha za nyumbani za mwaka ule sio nyingi ukilinganisha na za hospitali. Ndio maana kuna moja ambayo 2020 ilizunguka intaneti yote: familia moja ya mji wa Dublin, California, imesimama na barakoa, na mmoja wao amempakata paka, na paka naye amevaa barakoa. Bana! Safu za vitanda sijui mia ngapi hazikunifanya nihisi 1918 ilikuwa ya watu kama mimi. Huyo paka alinifanya. Mtu fulani alikuwa amekaa nyumbani, amechoka, anaogopa, akaamua kumvalisha paka. Huyo namjua. Huyo ni dada yangu.

Na usidhani kafyu ilianza 2020. Waulize shosho na guka wa Kati ya Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Kulikuwa na saa za kutoka na saa za kuwa ndani, na ukikosea saa unaweza kupigwa risasi. Picha zipo, lakini angalia zilipigwa kutoka wapi: kutoka nje, zikionyesha askari, mnara wa ulinzi, nyumba zimepangwa kwa mistari. Ndani ya hizo nyumba, jioni, moto umewashwa, mama anafanya hesabu ya unga uliobaki? Hiyo picha ilibaki kwenye kichwa cha shosho wako. Akienda, imeenda.

Sisi tulipigwa picha tukiwa tumevaa

Mtu atasema, lakini sisi pia tulikuwa na picha zetu. Kweli kabisa, na ni urithi mzuri sana. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako watu walienda wamependeza hadi kucha. Lamu kulikuwa na Bakor Studio, ya Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa kukata na kuunganisha picha hadi zinakuwa kama ndoto. Pale feri ya Likoni kulikuwa na wapiga picha waliotundika mandhari ya kuchorwa, meli, ndege, maua, ili msee aliyekuja pwani kutafuta kazi atume nyumbani picha inayosema: nimefika, niko sawa.

Na kila sebule ilikuwa na ile albamu. Mnaijua. Mgeni akifika anapewa soda na albamu, akiisubiri chai. Ndani yake kuna harusi, ubatizo, maulidi, mahafali, Krismasi, na buda wako amesimama Uhuru Park na suruali pana kama mapazia.

Lakini tazama kilichokosekana. Filamu ilikuwa na picha 36, na kuisafisha ilikuwa pesa. Nani angepoteza moja kwa sufuria? Kwa hivyo tulipigwa picha tukiwa tumevaa, tumesimama, tumeitwa. Jumanne ya kawaida nyumbani haikuwahi kupigwa. Ukipekua albamu ya kwenu unaweza kudhani familia yenu ilikuwa inaenda harusi kila siku.

Hiyo ndiyo hali tuliyoingia nayo mwaka wa 2020. Wageni walikuwa wametupiga tukiwa wagonjwa na washukiwa. Sisi wenyewe tulijipiga tukiwa wazuri. Katikati, pale ambapo maisha yenyewe hukaa, palikuwa patupu.

Machi 2020

Wacha niweke tarehe, kwa sababu nimegundua watu wameanza kuzichanganya, na kuna wadogo wetu ambao hawakumbuki kabisa.

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza Kenya. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Juni kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Julai barabara zikafunguliwa. Oktoba baadhi ya madarasa yakarudi shule, wengine wetu tukarudi Januari 2021. Kafyu yenyewe iliisha tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa. Zaidi ya watu 5,600 wamehesabiwa kufa kwa ugonjwa huo nchini, na hao ni waliohesabiwa.

Hizo tarehe zitabaki. Ziko kwenye magazeti, kwenye hotuba, na siku moja zitakuwa kwenye mtihani. Lakini ukisema "saa moja jioni", wewe uliyeishi hapo unajua sio namba. Ni ule mbio wa saa kumi na mbili na nusu. Ni milango ya ploti inayogongwa mmoja baada ya mwingine. Halafu kimya, Nairobi, kimya! Unasikia jirani wa orofa ya tatu akikohoa, na ploti nzima inashika pumzi.

Sasa ndani ya hicho kimya, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye kamera mfukoni. Na hakukuwa na harusi ya kupiga wala mahali pa kwenda umevaa. Mazishi yenyewe yaliwekewa idadi ya watu. Tukabaki na kile tulichokuwa hatujawahi kuona kinafaa: sisi, tukiwa hivyo tulivyo.

Ndio unaona picha za mwaka ule zina kitu. Mama anashona barakoa kwa vipande vya leso kwenye cherehani ambayo ilikuwa imekaa miaka bila kazi. Mtungi umetobolewa na kutiwa bomba, kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba. Watoto watano wamezunguka redio moja, ati ni darasa la hisabati. Kule Kibera wasusi walirudisha nywele za uzi zilizosimama wima kama miiba, wakaziita mtindo wa corona, kwa sababu ni bei rahisi na pesa haikuwepo. Waandishi wa picha walizipiga na dunia ikaziona. Mtindo wa shosho umerudi kwa sababu ya virusi! Hiyo ni historia ya uchumi iko kichwani mwa mtoto wa miaka saba.

Viatu vya buda

Wacha nitoe mfano wa kwetu. Buda alikuwa dereva wa basi la masafa, Nairobi hadi Kisumu. Tarehe 6 Aprili jioni kazi ikaisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimerudi nyumbani, na nitakwambia ukweli: sikuwa nimewahi kumwona mzee wangu akiwa nyumbani Jumanne saa sita mchana. Maisha yangu yote. Alikuwa mtu wa kuja usiku na kuondoka kukiwa na giza. Sasa yuko pale, kwenye stuli, anamenya viazi, vyumba viwili, watu sita.

Nikainua simu. Bila kunitazama akasema, "Usinipige hivi."

Nikaiweka chini. Sikuuliza kwa nini, na hakueleza. Lakini viatu vyake vya kazi vilikuwa pale mlangoni, vyeusi, vimepangwa sambamba kama vinangoja amri. Nikapiga viatu. Wiki iliyofuata nikavipiga tena, vilikuwa na vumbi. Mei nikavipiga tena, ndugu yangu mdogo alikuwa ameweka gari la kuchezea ndani ya kile cha kushoto. Nina picha tisa za viatu. Hakuna hata moja yenye uso wa mzee, na bado sijui picha nyingine inayoeleza 2020 ya kwetu kuliko hizo. Ukiambiwa "sekta ya uchukuzi iliathirika", hiyo ni sentensi. Gari la kuchezea ndani ya kiatu cha dereva, hiyo ni nyumba.

Na hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu sio kila kitu ndani ya nyumba ni cha kupigwa.

Nyumba si jukwaa

Aprili 2020 nchi nzima ilimwona mama mmoja wa Mombasa, mjane mwenye watoto wanane, aliyekuwa anafua nguo za watu hadi kazi ikakatika. Alikuwa amebandika mawe kwenye sufuria ili watoto wadhani chakula kinaiva, walale wakingoja. Jirani aliona, akawaita waandishi wa habari, na akamfungulia akaunti. Watu walituma pesa kutoka kila pembe. Picha za ile nyumba zilimsaidia yule mama, hakuna ubishi. Lakini pia zilimfanya mtu ajulikane na taifa zima kwa usiku wake mbaya kuliko yote. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Tofauti na Bombay ni kwamba huyu aliongea, alisema mwenyewe kwa nini alifanya hivyo. Aliyeonyeshwa alikuwa na sauti.

Kuna jambo lingine siwezi kuliruka. Usiku wa tarehe 30 Machi, usiku wa nne wa kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye balkoni ya nyumbani kwao Kiamaiko, polisi wakitekeleza kafyu barabarani. Baadaye afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Fikiria vile tuliambiwa: kaa nyumbani, uko salama. Alikuwa nyumbani. Kila nikiona picha zetu za balkoni za mwaka ule, wasee wakicheka, chai mkononi, jua linazama, namkumbuka. Balkoni ilikuwa mahali pa kupunga hewa na ilikuwa mahali pa kufa, inategemea uliishi mtaa gani. Tukiacha historia ya nyumba iandikwe na wenye mabaraza makubwa pekee, watasema 2020 ilikuwa mwaka wa kujifunza kupika mkate. Wueh.

Kwa hivyo kanuni yangu ni rahisi. Piga kama mtu anayeishi hapo. Mtu akikataa, amekataa. Kuna viatu, kuna kikombe, kuna mkono. Picha ya aibu ya mtu mwingine si yako kuposti hata kama simu ni yako. Na kuhifadhi sio kuposti. Kuna picha ambazo kazi yake ni kukaa kwenye bahasha miaka 30 hadi waliomo ndani yake waamue.

Wenzetu walikusanya

Mei 2020, makumbusho ya National Portrait Gallery ya London ikishirikiana na Kate, mke wa Mwanamfalme William, iliwaomba watu wa Uingereza watume picha za maisha yao kwenye lokdauni. Mradi uliitwa Hold Still. Kwa wiki sita zikaja picha 31,598. Walichagua 100, wakazionyesha mtandaoni na baadaye kuzibandika kwenye miji na vitabuni. Kule Marekani makumbusho ya Getty iliwaambia watu waigize michoro maarufu kwa vitu vya nyumbani, na watu wakajifunga mashuka na karatasi za chooni. Ilikuwa kicheko, lakini nayo imebaki kama ushahidi wa vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba za watu mwaka ule.

Zetu ziko wapi? Nyingi ziko kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya droo, pamoja na chaja isiyofanya kazi. Nyingine ziliibwa na simu. Nyingine ziliwekwa kwenye statusi, na statusi ya WhatsApp huishi saa 24, basi. Tulipiga picha nyingi kuliko kizazi chochote kabla yetu na tunaweza kuwaachia watoto wetu chache kuliko ile albamu ya sebuleni. Albamu haihitaji chaji. Imekaa pale tangu 1987 inangoja mgeni.

Tusilaumu wakoloni kwa hii. Kamera sasa ni yetu, mlango ni wetu, na kidole cha kufuta ni chetu.

Fanya hivi

Jumapili moja inatosha. Chagua picha 20 za kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021. Usichague nzuri, chagua za kweli: jikoni, mlango, ndoo, kitanda, mtu aliyekuwa hana kazi.

Ziweke mahali pawili tofauti, sio simu mbili za mfuko mmoja. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili, kwa sababu ukizituma kama picha inazibana na kuziondolea tarehe na maelezo yaliyofichwa ndani.

Chapisha kumi. Nyuma yake andika kwa penseli laini, usitumie kalamu inayovuja: nani, wapi, tarehe gani, na jambo moja ambalo picha haiwezi kusema. "Hapa mathe alikuwa hajalipwa miezi miwili." "Siku hii stima ilipotea." "Huyu ni mjomba, wiki tatu kabla aende." Bila hiyo sentensi, baada ya miaka 40 itakuwa tu picha ya mtu asiyejulikana na sufuria.

Halafu mketishe aliyekuwepo umuulize. Mimi nilimwonyesha buda zile picha tisa mwaka jana, tumekaa tu, hakuna sherehe. Akazitazama polepole, akafika ile ya gari la kuchezea, akacheka. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kusema miaka yote hiyo: kwamba kila asubuhi ya lokdauni alikuwa anaamka saa tisa usiku, saa ya kwenda stendi, na anakaa kitandani gizani hadi kuche ili asituamshe. Sisi tulidhani analala.

Hiyo haiko kwenye picha yoyote. Lakini picha ndiyo iliyoitoa. Nimeiandika nyuma, kwa penseli.

Mtoto aliyezaliwa mwaka wa corona sasa anavaa sare ya shule. Hivi karibuni ataanza kuuliza, na mwalimu atampa tarehe. Wewe mpe ndoo, kamba ya barakoa, na paka wa jirani dirishani. Sasa rudi kwenye ile folda ya Aprili uanze kuchagua.